Kusomea upasuaji kwa masafa ukiwa hospitali ya wilaya Mtwara: miaka mitatu niliyopitia, karibuni tujadili

#1 Mwana wa Mikindani

Heshima kwenu wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Madaktari wenzangu wa Kusini wamekuwa wakiniuliza jambo hili mmoja mmoja, leo naliandika lote hapa. Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa. Niko hospitali moja ya wilaya mkoa wa Mtwara, huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Kwa miaka mitatu nimesoma shahada ya uzamili ya sayansi ya upasuaji kwa intaneti bila kuondoka kituoni. Nimemaliza 2024.

Shahada yenyewe inatolewa na Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, pamoja na Royal College of Surgeons of Edinburgh, chombo cha wapasuaji kilichopo tangu 1505. Masomo haya ya masafa waliyaanzisha 2007. Mwaka wa kwanza ni misingi: mwili unavyopambana na jeraha, mshtuko wa kupoteza damu, maji ya dripu, maambukizi, kidonda kinavyopona. Wa pili unaingia kwenye maradhi yenyewe, wa tatu ni utafiti. Wanaotaka kupanda zaidi wana shahada nyingine iitwayo ChM, miaka miwili, kwa waliokwisha kuiva kwenye fani kama upasuaji wa jumla, mifupa na ajali, au njia ya mkojo.

Kwa nini sikwenda Dar kusoma MMed, shahada ya udaktari bingwa, kama wenzangu? Tulikuwa wawili tu tunaoweza kufungua tumbo. Mmoja akiondoka miaka yote hiyo, anayebaki yuko zamu kila usiku. Nyumbani nako mama alikuwa anaumwa. Basi.

Wiki ya masomo ilikuwa hivi. Analetwa mgonjwa wa kwenye maandishi, tuseme mzee wa miaka sitini anatapika damu. Unaandika ungefanya nini, kwa mpangilio gani, na kwa sababu gani. Wanafunzi wenzako wa Malawi, India, Uskoti kwenyewe, wanakujibu. Halafu mwalimu, ambaye naye ni mpasuaji kazini, anakuja na swali moja: kwa nini? Ukiandika "nitampeleka thieta", anakuuliza kwa nini sasa na si baada ya damu kufika. Ukiandika "nitasubiri", anakuuliza unasubiri kuona nini, na usipokiona utafanyaje. Mwanzoni nilichukia. Miezi sita baadaye nilijikuta najiuliza maswali yale yale kitandani kwa mgonjwa wangu mwenyewe, saa nane za usiku, hakuna wa kuniuliza.

Vipindi vya moja kwa moja vilikuwa saa kumi na mbili jioni ya kwao. Kwetu ni saa tatu usiku wakati wa baridi yao, saa mbili wakati wa joto lao, kwa sababu wenzetu wanabadilisha saa. Nimehudhuria nikiwa nimevaa nguo za thieta, simu imeegemezwa kwenye chupa ya spiriti.

Sasa niwape kisa, maana bila kisa maneno haya ni ya kwenye vipeperushi.

Mwaka wangu wa pili aliletwa kijana aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Tumbo limejaa, presha inashuka huku tunaiangalia. Tukafungua. Ini limepasuka upande wa kulia, damu inakuja kama chemchemi. Mimi wa miaka miwili nyuma ningeanza kushona lile ini. Ini halishiki uzi kirahisi, unakata kama jibini, kila unapochoma panafunguka pengine, na ningeshona mpaka damu ya mtu iishe mezani. Lakini wiki mbili kabla darasa letu lilikuwa limejadili namna ya kumnusuru mgonjwa aliyekwisha choka: zuia damu, zuia uchafu, ondoka tumboni, mpashe joto, mwongeze damu, kazi ya kumalizia irudiwe baada ya siku moja au mbili. Maana mgonjwa wa namna hiyo anauawa na mambo matatu yanayosukumana: baridi, damu kuwa na tindikali, na damu kugoma kuganda. Kila dakika unayoongeza kushona unayalisha yote matatu.

Nikasukumia gozi kubwa, vile vitambaa vya kufyonza damu, kulizunguka ini, nikabana, nikasubiri. Damu ikatulia. Tukahesabu gozi, tukaandika idadi kwenye faili na juu ya bandeji yenyewe kwa kalamu nene, tukafunga ngozi tu. Ndugu zake wakatoa damu. Gari la wagonjwa likashuka naye Mtwara mjini usiku ule ule, bingwa akamfungua tena siku ya pili, akatoa gozi zote. Yule kijana alirudi kwangu kutolewa nyuzi.

Ninachosema ni hiki. Masomo yale yalinifundisha kuamua: wakati wa kukata, wakati wa kuacha, wakati wa kutoa rufaa. Na huku kwetu wagonjwa wengi wanatuponyoka kwenye uamuzi, kabla kisu hakijagusa ngozi.

Karibuni.

#2 Kipanga wa Kusini

Asante sana Dokta. Mimi namaliza mafunzo ya vitendo mwaka huu. Maswali yangu: ada unaitoaje kwa mshahara wetu huu, bando inakula kiasi gani, na ukimaliza unatambulika kama bingwa au la?

#3 Mzee wa Ndanda

Mwanangu, marahaba. Nimesoma yote.

Mimi ni daktari msaidizi mstaafu, wale mnaowaita AMO. Nilikuwa ofisa tabibu kwanza, nikarudi shule miaka miwili, halafu nikapelekwa kijijini na kisu mkononi. Akina mama wangapi nimewapasua nikawatoa watoto sijui idadi yake, tulikuwa hatuna nafasi ya kuhesabu. Nakubali ulichosema kuhusu kuamua. Ila upasuaji unafundishwa kiwiko kwa kiwiko. Aliyenifundisha mimi alikuwa anasimama mbele yangu mezani, nikikosea anaushika mkono wangu, hasemi neno. Mkono ule sijausahau mpaka leo. Huyo mwalimu wako wa Uskoti anaushikaje mkono wako?

Siulizi kwa ubishi. Nimeona vijana wanajua kila kitu kwa mdomo, wakifika kwenye utumbo vidole vinatetemeka.

#4 Binti Kilwa

Shikamoo mzee wangu wa Ndanda, umesema lililo moyoni mwangu.

Mimi ni daktari, niko Lindi, nimechagua njia nyingine na naomba niieleze kwa sababu watu wanazichanganya. Kuna COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999, ofisi zake ziko Arusha. Hakina majengo ya madarasa, ndiyo maana wanakiita chuo kisicho na kuta. Unafundishwa ndani ya hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa, chini ya mpasuaji anayekusimamia, unaandika kila upasuaji ulioufanya au kusaidia. Miaka miwili ya mwanzo unafanya mtihani wa uanachama, mitatu mingine unafikia ubingwa wenyewe. Nadharia sehemu kubwa inakuja kwa intaneti, wamejenga hayo pamoja na chuo cha wapasuaji cha Ireland tangu 2007.

Kwa hiyo Kipanga, mdogo wangu, ukitaka kuwa bingwa, fikiria MMed au COSECSA. Alichosoma Mwana wa Mikindani ni kizuri, lakini ni kitu kingine.

Niongeze moja. Mwaka 2015 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilisema watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji salama wanaoweza kuumudu. Wakaweka upasuaji wa aina tatu kuwa kipimo cha hospitali: kumpasua mama ajifungue, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Na mtu awe anafika ndani ya saa 2. Mimi nimekulia Liwale. Masika ya Liwale saa mbili hazikufikishi popote. Kwa hiyo yeyote anayetafuta njia ya kuwaacha madaktari kule walipo huku wanasoma, mimi niko upande wake, hata kama tunatofautiana njia.

#5 Mkulima Tandahimba

Samahani wataalamu, mimi ni mkulima wa korosho tu, nimeingia kwa sababu mke wangu anatakiwa kufanyiwa operesheni ya ngiri na tumeahirisha mpaka korosho ziuzwe. Naomba kuuliza kwa heshima. Inamaanisha daktari anaweza kuja kumpasua mke wangu kwa kitu alichojifunza kwenye simu?

#6 Mwana wa Mikindani

Mkulima, swali lako nalitanguliza kabla ya mengine, na nitalijibu pamoja na la mzee wangu wa Ndanda, maana ni swali moja.

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo alikuja mama mwenye ngiri iliyonaswa, siku ya tatu, utumbo umekufa. Nilijua kila kitu cha kusoma juu ya ngiri ile. Wiki ile ile nilikuwa nimepata alama nzuri kwenye jaribio. Nikakata sehemu iliyokufa nikaunga ncha mbili. Siku ya tano kiungo kikavuja. Tukampa rufaa, hakurudi.

Nimerudia upasuaji ule kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema hapa. Uamuzi ulikuwa sahihi. Mkono wangu ndio haukuwa tayari. Nyuzi nilizikaza mno na ncha moja haikuwa na damu ya kutosha, nilitakiwa kukata zaidi mpaka niione inavuja damu nyekundu. Hilo hakuna maandishi yaliyoweza kunipa, mzee amesema kweli tupu.

Baada ya mama yule nilifanya mambo mawili. La kwanza, kila Ijumaa nilipita kwa muuza nyama kuchukua utumbo wa mbuzi. Nikawa naunga jikoni, najaza maji kwa bomba la sindano, natazama panapovuja. Wiki za mwanzo ulivuja kila siku. La pili, nilikwenda kwa bingwa wa upasuaji mjini nikamwomba niwe nasimama naye thieta siku zangu za mapumziko. Alikubali. Miezi minane nimepanda basi la alfajiri kwa siku zangu mwenyewe. Timu za serikali za Madaktari Bingwa wa Rais Samia zilipofika wilayani kwetu nilijipanga niwe msaidizi mezani siku zote tano, badala ya kuishia mapokezi kuandikisha wagonjwa. Vijana, hizo siku tano msizipoteze. Mabingwa wale wamekuja pia kuwajengea ninyi uwezo, lakini anayefundishwa ni yule aliyevaa glavu.

Kwa hiyo Mkulima, kaka yangu: ngiri ya mke wako afanyiwe na mtu aliyekwisha zifanya nyingi akisimamiwa. Una haki ya kumuuliza daktari, "umefanya ngapi, na nani alikuwa pembeni yako?" Mimi ukiniuliza nitakujibu. Na nakuomba, kama anapata maumivu makali, uvimbe umekuwa mgumu haurudi ndani, au anatapika, msisubiri korosho. Njooni siku hiyo hiyo. Mambo ya fedha yatazungumzwa mgonjwa akiwa amelala kitandani kwetu.

#7 Mkulima Tandahimba

Nashukuru sana Dokta. Kwa sasa unaingia na kutoka, hauna maumivu. Nitamweleza hizo dalili leo jioni.

#8 Mama Nachingwea

Naomba na mimi muuguzi niseme, tunasahauliwa kwenye hizi habari.

Natoa usingizi thieta, miaka kumi na tisa sasa. Daktari mmoja wa hospitali yetu alisoma masomo ya namna hii. Mwanzoni tulimwona anajitenga na simu yake. Siku moja akaja na karatasi ya Shirika la Afya Duniani, ile orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, kabla ya nusu kaputi, kabla ya kukata, kabla ya mgonjwa kutoka. Tulikuwa nayo ukutani miaka mingi, imepauka, hakuna anayeisoma. Akatuambia orodha ile ilipojaribiwa kwenye hospitali nane duniani, mojawapo ilikuwa Ifakara. Ifakara yetu hii. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Nilichoshtuka ni kwamba kazi yake ya shule ilikuwa kupima kama sisi tunaitumia. Alisimama mwezi mzima anaandika. Akatuletea matokeo sisi kwanza kabla ya mtu mwingine, akatuuliza wauguzi kwa nini hatuisomi. Tukamwambia ukweli: daktari anaingia ameshavaa glavu ana haraka, muuguzi akisema "tusubiri tujitambulishe" anakaripiwa. Tangu siku hiyo anayeisoma kwa sauti ni mimi, na hakuna kisu mpaka nimalize. Gozi moja ilipotea kwenye hesabu mwaka uliopita, ikapatikana ndani ya tumbo kabla hatujafunga.

Kwa hiyo mzee wangu wa Ndanda, shikamoo, masomo yale hayakuongeza mkono wa daktari peke yake. Yaliongeza masikio yake.

#9 Kipanga wa Kusini

Dokta hujanijibu ada na bando.

#10 Mwana wa Mikindani

Ni kweli, samahani mdogo wangu.

Ada ni ya pauni na kwa mshahara wetu ni nzito, sikufichi. Mimi nilisaidiwa na ufadhili. Jumuiya ya Madola wana ufadhili maalumu kwa wanaosoma kwa masafa wakiwa nchi zao, fuatilia tangazo lao na usome masharti ya mwaka husika. Usianze kwa mkopo wa mtaani. Nimemwona mwenzangu amefanya hivyo, akaacha mwaka wa pili, deni limebaki.

Bando: soma maandishi, pakua mihadhara usiku, video zitazame kwa ubora wa chini. Kinachosumbua zaidi ni kukatika. Mei 2024 nilikuwa namalizia utafiti. Kimbunga Hidaya kikapita tarehe 4, barabara ya kwenda Dar ikakatika kule Kilwa, magari yakalala pande zote mbili. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini zikakatika na intaneti ya nchi nzima ikazorota. Niliwaandikia walimu mapema wakaniongezea muda. Waambieni walimu hali yenu kabla ya siku ya mwisho, wanaelewa.

Lakini kilichonikaa moyoni siku zile ni kwamba rufaa ya Dar kwa barabara haikuwepo. Mgonjwa aliyeingia wiki ile alikuwa wetu, na cha kumsaidia kilikuwa kile tulichonacho vichwani na mikononi.

Kuhusu kutambulika: Binti Kilwa amejibu vizuri. Shahada hii haikufanyi bingwa. Imetengenezwa kumwandaa mtu kwa maarifa, pamoja na mtihani wa MRCS, ule wa uanachama wa vyuo vya wapasuaji vya kwao. Cheti cha nje kinapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kithibitishwe, na daftari la mabingwa ni la Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo linataka mafunzo ya vitendo. Mwajiri wangu hajaniongeza daraja wala shilingi. Barua yangu ina mwaka mezani haijajibiwa, na hilo linaniuma, kwa sababu wilaya inatumia maarifa yale kila siku. Ninachoomba ni kidogo: daktari anayesoma akiwa kituoni apewe siku mbili kwa mwezi za kwenda kusimama na bingwa, ziwe za kazi, nauli ilipwe. Kanda sasa ina hospitali ya rufaa pale Mitengo. Hospitali ya Ligula ipo, Sokoine ipo Lindi, Ndanda na Nyangao wamepasua watu tangu enzi za wamisionari. Mikono ya kufundisha Kusini ipo.

#11 Binti Kilwa

Hizo siku mbili kwa mwezi nimeziunga mkono kwa moyo wote. Na mimi mwakani natafuta msaidizi wa kufanya naye mabusha. Pwani yetu hii mnajua ilivyo na matende na mabusha, foleni haiishi kila kambi inapofunguliwa. Upasuaji wa busha ni darasa zuri sana la mkono wa kijana: tishu unaziona, damu inatafutwa kwa utulivu, kosa linaonekana mapema. Kijana anayejua nadharia ya maambukizi na kidonda namkaribisha kabla ya mwingine.

#12 Mzee wa Ndanda

Nimewasoma wote. Mwana wa Mikindani, pole kwa yule mama wa ngiri. Mimi pia ninaye wangu, wa mwaka 1991. Hawaondoki, na wala usitake waondoke.

Umesema unaunga utumbo jikoni peke yako. Huo upweke ndio sikuupenda. Mimi nimestaafu, macho yangu ya karibu yamechoka, kisu sishiki tena, lakini vidole vya mtu mwingine bado naviona vikikosea. Niko nyumbani Ndanda siku zote isipokuwa Jumapili asubuhi. Njoo na huyo Kipanga, na wengine mkiwapata. Utumbo nitaagiza kwa muuza nyama wangu, uwe wa leo, wa jana unachanika mtu akadhani ni kosa lake. Leteni nyuzi na vishikio vya sindano, hata vile vilivyokwisha muda wake. Nitasimama upande wa pili wa meza.

Na mimi nina ombi. Huyo mwalimu wa "kwa nini", nataka kuona maswali yake. Nichapishie kwa herufi kubwa.

#13 Kipanga wa Kusini

Mzee shikamoo. Jumamosi hii mimi nipo. Mtwara mjini mpaka Ndanda basi la kwanza linatoka saa ngapi?

#14 Mwana wa Mikindani

Kipanga, nitafute usiku huu nikuelekeze, tutaonana Masasi tuingie pamoja. Mzee wangu, kuna mgonjwa wa kwenye maandishi wa mwaka wangu wa kwanza, ngiri iliyonaswa siku ya tatu. Nitakuchapishia huyo, kurasa nne, herufi kubwa. Na nyuzi ninazo.